Wanaofunga Barabara Wikendi Hawana Kosa

Seattle imo katika ukarabati mkubwa wa I-5, barabara kuu inayolikata jiji hilo la jimbo la Washington kutoka kusini hadi kaskazini. Julai 2025 wakazi walionjeshwa: kuanzia Ijumaa usiku hadi Jumatatu alfajiri njia zote za kuelekea kaskazini zilifungwa katikati ya jiji, kisha njia mbili zikabaki zimefungwa kwa wiki nne juu ya Daraja la Ship Canal. Hiyo ilikuwa dibaji. Kazi yenyewe imepangwa kwa mwaka 2026 na 2027, na ndani yake kuna wikendi kadhaa za kufunga upande mzima, pamoja na mapumziko ya kupisha mechi za Kombe la Dunia. Kama ilivyo desturi kila mara barabara kuu za Marekani zinapofungwa, hasira zimemwangukia anayeonekana, yaani mhandisi mwenye kizibao cha rangi ya chungwa na mkandarasi mwenye koni zake. Kwa nini wasifanye kazi usiku, watu wakiwa wamelala? Kwa nini wikendi, siku mbili pekee za mtu kutembelea ndugu zake? Kwa nini wafunge yote badala ya njia moja moja?

Maswali haya ni ya haki na nitayajibu. Lakini msimamo wangu nauweka wazi mapema: kufunga barabara yote kwa muda mfupi mfululizo kuna huruma zaidi kuliko kuitia viraka usiku baada ya usiku kwa miezi kadhaa. Anayechemka kwenye foleni Jumamosi mchana analipia kosa lililofanywa zamani, katika vikao vya bajeti ambako matengenezo yaliahirishwa mwaka hadi mwaka. Dhuluma ipo pia, nami siikatai. Ila chanzo chake ni namna mzigo wa saa hizo unavyogawanywa kati ya watu. Mambo haya matatu yamesongwa pamoja kama ugali, na ndiyo maana mjadala hausogei.

Tuanzie mbali kidogo. Mtandao wa barabara kuu za Marekani ulizaliwa na sheria iliyosainiwa na Rais Dwight Eisenhower tarehe 29 Juni 1956. Ulipangwa kuwa na urefu wa kilomita zipatazo 66,000, na serikali ya shirikisho ikakubali kubeba asilimia 90 ya gharama za kuujenga. Kuujenga. Matunzo ya kila siku yakaachiwa majimbo. Sehemu kubwa ya barabara hizo ilisanifiwa kwa umri wa miaka 20, kwa makisio ya magari ya enzi ile, na leo nyingi zimepita mara mbili au tatu ya umri huo zikiwa zinabeba mizigo ambayo wasanifu wake hawakuiota. Daraja la Ship Canal lilifunguliwa Desemba 1962. Tangu hapo Seattle imekuwa jiji la kampuni kubwa za ndege, programu na biashara za mtandaoni, na malori yanayozihudumia yote yanapita juu ya uso ule ule.

Malori hayo ndiyo kiini cha habari. Kati ya mwaka 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, wahandisi walijenga vipande vya barabara vya majaribio, kisha wakawaweka wanajeshi waendeshe malori kuzunguka humo mchana na usiku, hadi ekseli, yaani mihimili inayobeba magurudumu, zilipokuwa zimepita zaidi ya mara milioni moja. Walichogundua ndicho kinachoongoza usanifu wa barabara mpaka leo: uharibifu hauongezeki sawasawa na uzito, unaongezeka takriban kwa kipeo cha nne. Ekseli yenye uzito maradufu huumiza barabara kwa kiasi kinachokaribia mara 16. Sheria ya shirikisho inaruhusu ekseli moja ya lori kubeba hadi pauni 20,000, yaani tani 9 hivi, huku ekseli ya gari dogo ikibeba kama sehemu ya kumi ya hapo. Kipeo cha nne cha kumi ni elfu kumi. Kwa maneno mengine, familia iliyokwama na gari lake dogo kwenye mchepuko Jumapili inapisha ukarabati wa kidonda ambacho yenyewe haikukichimba kwa kiasi cha kutajika. Hilo tuliweke kando, nitalirudia.

Barabara ya zege huharibika taratibu, kuanzia chini. Mabamba mengi ya zamani huko California, kwa mfano, yalimwagwa bila nondo za kuyaunganisha kwenye viungo. Maji ya mvua huingia kwenye kiungo. Lori likipita, bamba hushuka kidogo na kuyasukuma maji yale, nayo hutoka yamebeba chembe za tabaka la msingi. Siku baada ya siku panabaki uwazi chini ya bamba. Ukingo mmoja unashuka, mwingine unabaki juu, na dereva anasikia ile tuk-tuk-tuk ya matairi anayodhani ni kawaida ya barabara. Kisha kona ya bamba inavunjika. Ukiliziba shimo hilo kwa lami ya viraka usiku mmoja, umefunika kidonda ambacho usaha wake uko chini. Tiba yenyewe ni kubomoa bamba, kulitoa, kulitengeneza tabaka la msingi, kumwaga zege jipya na kulisubiri likomae. Huo mwisho, kusubiri, ndio unaoamua ratiba nzima.

Hapa ndipo hoja ya usiku inapoanguka. Dirisha la kawaida la kazi za usiku ni kuanzia saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri, yaani saa saba. Huwezi kufunga njia kwa kufumba na kufumbua: ishara zinatangulia kilomita kadhaa, koni zinapangwa moja moja, magari ya kinga yanakaa mahali pake. Asubuhi vyote hivyo vinaondolewa kwa mpangilio ule ule kinyumenyume. Zege la kukomaa haraka linalotumika katika kazi kama hizi huhitaji saa nne hivi kabla ya kukanyagwa na magari. Kwa hiyo mkandarasi anatakiwa awe amekwisha kubomoa, kusafisha na kumwaga kabla ya saa 7 usiku, na mtambo wa zege ukiharibika saa 6, hana pa kukimbilia. Anabaki na saa mbili au pungufu za kazi ya maana ndani ya usiku wa saa saba. Kesho anarudi, anapanga koni zile zile tena. Wikendi kamili, Ijumaa saa 4 usiku hadi Jumatatu saa 11 alfajiri, ni saa 55, na koni zinapangwa mara moja na kuondolewa mara moja. Ndani ya saa hizo unaweza kutumia zege linalokomaa kwa saa 12, ambalo ni rahisi zaidi kulifanyia kazi, na malori ya vifaa yanaingia na kutoka kwenye njia zilizo wazi pasipo kugombania nafasi na magari ya wasafiri.

California ililijaribu jambo hili hadharani. Mwaka 1999, kwenye barabara ya I-10 huko Pomona, mkandarasi alibadilisha mabamba ya njia yenye jumla ya kilomita 2.8 ndani ya wikendi moja ya saa 55. Mwaka 2003 ikafuata I-710 huko Long Beach, barabara inayobeba makontena ya bandari na iliyochakaa kuliko nyingi. Wahandisi walipanga wikendi kumi za saa 55 kwa kipande cha kilomita 4.4, wakiyabana magari ya pande zote mbili upande mmoja huku upande wa pili ukijengwa upya kwa usanifu wa kudumu zaidi ya miaka 30. Kazi ikamalizika kwa wikendi nane, na mkandarasi alikuwa na motisha ya fedha ya kuwahi. Motisha ile naiona muhimu kama ufundi wenyewe, kwa sababu iliifanya kila wikendi iliyookolewa iwe na bei.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Devore, mwaka 2004, kwenye I-15 inayotoka kusini mwa California kwenda Las Vegas. Pale wikendi ndiyo ilikuwa wakati mbaya kuliko wote, kwa sababu Ijumaa na Jumapili barabara ile hujaa watu wanaokwenda kustarehe na kurudi. Kwa hiyo hawakufuata mtindo wa wikendi baada ya wikendi. Walifunga upande mmoja mfululizo, mchana na usiku, kwa siku tisa hivi, kisha upande wa pili kwa siku kama hizo. Kipande cha kilomita 4.5 kikajengwa upya katika vipindi hivyo viwili. Kwa mtindo wa usiku kingechukua takriban miezi kumi. Wanaoamini kwamba wikendi imechaguliwa kwa chuki dhidi ya waumini wa Jumapili au wenye harusi za Jumamosi wautazame mfano huu vizuri. Huchaguliwa muda ambao barabara hiyo mahususi ina magari machache zaidi kwa kila saa ya kazi inayopatikana. Barabara ya wafanyakazi wa ofisini hupumua wikendi. Barabara ya watalii hupumua katikati ya wiki. Mhandisi anayefunga wikendi kwa mazoea tu, bila kuhesabu, anastahili lawama, na hilo ndilo swali la kumuuliza kwenye mkutano wa hadhara.

Sasa hoja za upande wa pili, nikianza na dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayosambaa zaidi. Inasema: mbona Philadelphia walimaliza kwa siku 12? Tarehe 11 Juni 2023 lori la mafuta liliwaka chini ya I-95 katika jiji hilo na sehemu ya daraja ikaporomoka. Tarehe 23 Juni magari yakaanza kupita tena. Japani nayo hutajwa, kwa lile shimo kubwa lililomeza barabara mjini Fukuoka tarehe 8 Novemba 2016 na kufunguliwa baada ya wiki moja. Wanaotoa mifano hii wanaitumia kuthibitisha kwamba wakandarasi wa kawaida ni wavivu. Lakini tazama walichokifanya wale wa Philadelphia. Walifanya kazi saa 24 juu ya barabara iliyofungwa kabisa, wakajaza pengo kwa kokoto nyepesi za vioo vilivyorejelezwa na kuweka lami juu yake, na hiyo ilikuwa barabara ya muda tu; ujenzi wa kudumu uliendelea pembeni kwa miezi mingi. Fukuoka pia barabara ilifungwa wiki nzima. Kasi ile ilitokana na kufunga. Anayesifu siku 12 za Philadelphia na kukataa saa 55 za wikendi anasifu mavuno na kukataa mvua.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: kwamba jiji litasimama. Seattle imebanwa kati ya maji ya Puget Sound na Ziwa Washington, haina barabara nyingi mbadala, na mtu anayeijua jiografia yake ana sababu ya kuogopa. Hata hivyo kumbukumbu za jiji lenyewe zinasema jingine. Januari 2019 barabara ya juu ya pwani, iliyokuwa ikibeba magari yapatayo 90,000 kwa siku, ilifungwa moja kwa moja, na handaki la kuichukulia nafasi halikufunguliwa hadi wiki tatu baadaye. Watu walitabiri kiama. Foleni zilikuwepo, zilianza mapema zaidi asubuhi, lakini kiama hakikuja. Los Angeles nayo Julai 2011 ilifunga kilomita 16 za I-405 kwa ajili ya kubomoa nusu ya daraja la Mulholland. Ilipangiwa saa 53, ikafunguliwa Jumapili kabla ya adhuhuri, saa 17 mapema, na muda wote ule mitaa ya jiji ilikuwa mitupu kuliko wikendi ya kawaida. Huko Devore magari yalipungua kwa asilimia 20 hivi. Safari za watu hazina idadi iliyowekwa na Mungu. Wakiambiwa mapema, wengi huahirisha, huchagua duka la karibu, hupanda treni au hubaki nyumbani.

Nakiri kwamba ushahidi huu una mpaka wake, na watetezi wa kufunga barabara huwa hawautaji. Wikendi moja ya kihistoria inatangazwa na kila redio na kila mtu anabaki nyumbani. Wikendi ya saba haitangazwi na mtu. Watu wana misiba, wana ndege za kuwahi, wana maisha; subira ya mwezi wa kwanza haiwezi kudaiwa mwezi wa nane. Ndiyo sababu idadi ya wikendi ina maana kubwa kuliko ukali wa wikendi moja, na ndiyo sababu mimi huunga mkono kufunga kwingi kwa siku chache kuliko kufunga kidogo kwa siku nyingi. Mpango wa Seattle umechanganya mitindo yote miwili: wikendi za kufunga upande mzima hutumika kupanga na kuondoa eneo la kazi, na katikati yake njia mbili hubaki zimefungwa kwa miezi. Juu ya daraja lenye magari mengi namna ile nauelewa uamuzi huo, ingawa ningependa wakazi waonyeshwe hesabu ya njia nyingine zilizokataliwa na sababu za kuzikataa.

Kuna hoja moja ya kutetea kufunga ambayo haisemwi vya kutosha, labda kwa kuwa wahusika wake hawapandi jukwaani. Mwaka 2021 na mwaka 2022, kila mmoja, zaidi ya watu 800 walikufa katika maeneo ya kazi za barabarani nchini Marekani, wengi wao wakiwa madereva na abiria wenyewe. Tarehe 22 Machi 2023, kwenye I-695 nje ya Baltimore, gari lililokuwa likienda kwa kasi kubwa liliingia eneo la kazi na kuua wafanyakazi sita. Mwaka mmoja na siku nne baadaye, kwenye barabara hiyo hiyo ya I-695, meli Dali iligonga Daraja la Francis Scott Key usiku wa manane na daraja likaanguka. Polisi waliwahi kuyazuia magari. Waliokufa walikuwa wanaume sita, wahamiaji kutoka Meksiko, Guatemala, Honduras na El Salvador. Walikuwa juu ya daraja wakiziba mashimo. Aliyewaua ni meli, na kufunga barabara kusingeizuia meli. Lakini nikisikia mtu akisema "wafanye usiku sisi tumelala", huwafikiria wale sita, kwa sababu kila kiraka cha usiku kina watu wake, na kila usiku wa ziada wa kufanya kazi hatua mbili kutoka kwenye magari yanayokimbia ni usiku mwingine wa kuwaweka hatarini. Barabara iliyofungwa kabisa haina dereva mlevi.

Baada ya kusema yote hayo, nageukia mahali ambapo nadhani wakosoaji wako sahihi na wahandisi hawasikii. Neno wikendi lina udanganyifu ndani yake. Linadhani kila mtu hufanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa. Ninamfahamu mama mmoja, mwenzetu kutoka Afrika Mashariki, anayewahudumia wazee kusini mwa Seattle zamu za Jumamosi na Jumapili. Kwake wikendi ndiyo siku ya kazi, na ratiba ya basi wikendi ni nyembamba hata barabara ikiwa wazi. Basi lake lilipozungushwa alichelewa mara mbili na kupewa onyo na msimamizi. Wapo wengi wa aina yake: wauguzi wasaidizi, wapishi wa hoteli, madereva, wasafishaji wa viwanja vya ndege. Mfanyakazi wa ofisi huambiwa afanyie kazi nyumbani. Mzee haogeshwi kwa kompyuta. Mfano mwingine ni wa majira ya kiangazi ya 2025, njia za kati za I-5, zile zinazobadilishwa mwelekeo asubuhi na jioni, zilipoelekezwa kaskazini saa zote ili kuwasaidia walioathirika na kufungwa kwa daraja. Waliokuwa wakiingia mjini asubuhi kutoka kaskazini wakazikosa, na foleni zao zikarefuka. Uamuzi huo pengine ulikuwa sahihi, lakini ni uamuzi wa kumtwisha fulani mzigo wa fulani, na unapaswa kusemwa hivyo.

Mitaa ya mchepuko nayo ina historia. I-5 ilipopitishwa Seattle miaka ya 1960 iliukata vipande viwili mtaa wa Wachina na jamii nyingine za Asia, karibu na katikati ya jiji, na katika miji mingi ya Marekani barabara hizi zilipitishwa kwa makusudi kwenye mitaa ya Weusi na ya watu maskini. Barabara kuu ikifungwa, magari humiminika kwenye mitaa iliyo jirani nayo, na iliyo jirani nayo ni ile ile iliyobomolewa nusu wakati wa kuijenga. Watoto wale wale wanaovuta moshi siku za kawaida wanaongezewa malori mbele ya mlango. Watafiti wa UCLA, Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, walipima hewa wakati wa kufungwa kwa I-405 mwaka 2011 wakakuta uchafuzi karibu na sehemu iliyofungwa umeshuka kwa asilimia 83. Ni habari njema kwa waishio kando ya kipande kilichofungwa, na inatukumbusha kiasi cha moshi wanachokivuta siku nyingine zote. Lakini malori yakihamia mitaani, moshi nao huhama.

Dawa ya hili inajulikana na haihitaji kuacha kufunga barabara. Mabasi yaongezwe wikendi za kufunga, yapite bure, na yapewe njia zao kwenye mchepuko, ili anayepanda basi afike kabla ya mwenye gari. Malori yazuiwe kwa askari na faini kuingia mitaa ya makazi. Matangazo yatoke kwa lugha za watu wanaofanya kazi wikendi, yakiwemo Kisomali, Kihispania na Kiswahili, na yapelekwe kwa waajiri ili onyo kama lile la yule mama lisiandikwe. Na gharama hizi ziwe ndani ya bajeti ya mradi kama zege na nondo, zikiwa na mstari wake, badala ya kuwa hisani ya idara nyingine. Mkandarasi akiweza kupewa motisha ya kumaliza wikendi mbili mapema, kama Long Beach, basi idara inaweza kupimwa pia kwa dakika anazochelewa abiria wa basi. Nisichokielewa ni kwa nini kipimo cha abiria kisipewe uzito ule ule wa kipimo cha madereva.

Inabaki fedha, na hapa ndipo lawama inapopaswa kufikishwa. Kodi ya shirikisho ya petroli ni senti 18.4 kwa galoni. Ilikuwa senti 18.4 mwaka 1993. Haikufungamanishwa na mfumuko wa bei, kwa hiyo leo inanunua chini ya nusu ya ilichonunua wakati ule, huku magari yakila mafuta kidogo zaidi na ya umeme yasilipe kodi hiyo kabisa. Tangu 2008 Bunge la Marekani limekuwa likichota fedha kwenye mfuko mkuu wa serikali kuuokoa mfuko wa barabara. Wanasiasa wa vyama vyote wanapenda kukata utepe wa barabara mpya. Bamba la zege lililobadilishwa kabla halijavunjika halina utepe, na mpiga kura halioni, maana kazi nzuri ya matengenezo ni ile ambayo hakuna kilichotokea. Na malori, ambayo kwa hesabu ya Illinois ndiyo yanayokula barabara, bado yanalipa kwa utaratibu usiolingana na uharibifu unaokua kwa kipeo cha nne.

Zipo dalili kwamba wananchi wakielezwa hukubali kulipa. California ilipandisha kodi ya petroli kwa senti 12 mwaka 2017 na kuifunga kwenye mfumuko wa bei, fedha zikielekezwa kwanza kwenye kukarabati kilichopo; Novemba 2018 wapinzani waliipeleka kwenye kura ya wananchi ili ifutwe, na wapiga kura wakaibakiza. Jimbo la Washington lenyewe liliongeza senti sita kuanzia Julai 2025, mwezi ule ule I-5 ilipofungwa, na kuiwekea nyongeza ya kila mwaka. Kwa ngazi ya shirikisho, sheria inayogharimia barabara hizi, iliyosainiwa 15 Novemba 2021, inakwisha muda wake tarehe 30 Septemba 2026. Mbunge anayeomba kura Seattle, Long Beach au Baltimore anaweza kuulizwa kabla ya siku hiyo mambo mawili mepesi: ekseli ya tani 9 italipa kiasi gani, na ni fungu gani litatengwa kwa ajili ya zege ambalo bado halijavunjika. Kwa ratiba iliyotangazwa, siku sheria hiyo itakapokwisha, koni zitakuwa bado zimepangwa juu ya Daraja la Ship Canal.